Uzi: Mchekeshaji anayeitania muvi mbovu anaibeba au anaizika? VJ wetu na wale wa Marekani, tuongee

Mtu_wa_Busia (mleta uzi)

Wadau salamu kwenu nyote, wa Kampala, Arua, Mbale na sisi wa mpakani huku. Kuna hii mada inazua ugomvi kila watu wakikaa kutazama, wale wachekeshaji wanaoongea juu ya muvi mbovu na kuitania mwanzo mwisho, je wanaifaa muvi au wanaiua? Mimi msimamo wangu nautoa mapema msije mkanizungusha. Mchekeshaji anayeipenda muvi namkubali hata aiponde vipi, ila yule anayechukua kazi ya mtu ili tuone yeye ana akili kuliko aliyeitengeneza, huyo simtaki hata bure.

Nianze na wa kwetu. VJ wa Uganda, yaani video joker, yule anayeongea kwa maiki juu ya muvi, hakuanza kwa kuchekesha. Muvi zilikuja kwa Kiingereza, Kichina, Kihindi, na watu waliojaa kwenye kibanda cha video wengi walikuwa hawashiki kinachosemwa, ndio jamaa akachukua maiki akaanza kuwatafsiria kwa Kiganda, na katika kutafsiri akatia chumvi, steringi akapewa jina la mtaani, jambazi akaambiwa anadaiwa kodi ya nyumba Ndeeba, magari yanafukuzana huko Marekani yeye anakwambia wanakata kona kuelekea Kabalagala. VJ Jingo alifika mahali mtu anaingia dukani hataji jina la muvi wala la steringi, anasema tu nipe ya Jingo. VJ Junior naye vile vile.

Sasa nenda Wakaliga, mtaa wa watu wa hali ya chini hapo Kampala. Isaac Nabwana, wanamuita Nabwana IGG, alikuwa mfyatua matofali, akaanzisha Ramon Film Productions mwaka 2005 na mwaka 2010 akatoa Who Killed Captain Alex?, muvi ambayo gharama yake inatajwa kuwa chini ya dola 200, kompyuta kaziunga mwenyewe, bunduki zimetengenezwa na fundi wao Dauda Bisaso kwa vyuma chakavu. Ukiitazama kwa jicho la darasani ni mbovu, helikopta imebandikwa kwa kompyuta inapiga mabomu majengo ya Kampala na moto wenyewe unauona kabisa umewekwa juu juu, na mpaka inaisha hujaambiwa Captain Alex kauawa na nani!! Lakini juu ya ile muvi yupo VJ Emmie, anapayuka, anawasifia makomando, anakuhakikishia kila mtu Uganda anajua kung fu, anamcheka aliyeanguka vibaya na papo hapo anamshangilia. Ule ni utani wa watu wa nyumba moja. Hakuna mahali unamsikia anaona aibu kuwa pale.

Na hapo kuna jambo linaniuma sana, nakala ya muvi isiyo na sauti ya VJ haipo tena, tuliyobaki nayo ni hii yenye Emmie, yaani hatutakaa tujue ile muvi ilikuwaje ikiwa peke yake.

Wenzetu Marekani wana yao. Mwaka 1988 pale Minneapolis jamaa anaitwa Joel Hodgson alianzisha kipindi cha Mystery Science Theater 3000 kwenye stesheni ndogo ya KTMA, mtu mmoja na maroboti wawili wamekaa chini ya skrini unaona vivuli vyao tu, wanatazama muvi mbovu na kuisema. Baadae Michael J. Nelson aliyepitia humo akaanzisha RiffTrax mwaka 2006 akiwa na wenzake Kevin Murphy na Bill Corbett, wao mwanzoni walikuwa wanakuuzia sauti tu, muvi unaitafuta mwenyewe unaziwasha pamoja. Nimezitazama na kuzisikiliza nyingi. Nyingine zimenichekesha mpaka nikashika tumbo, nyingine nimezima katikati kwasababu nilihisi tumekaa kumcheka maskini wa watu aliyekopa hela kutengeneza sinema.

Karibuni, ila tuongee kwa heshima.

BodaWaKatwe

Mimi muvi bila VJ nalala ssebo, sikufichi. Na hizi muvi za bei rahisi ndio kabisaa, ukimtoa VJ unabaki na watu wanaokimbia porini masaa mawili. Emmie ndio steringi wa Captain Alex, wengine wote ni wasindikizaji.

Afande_Mstaafu_Arua

Vijana habari zenu. Mimi ni mtu wa zamani kidogo na Kiswahili changu nimekipata jeshini kwahiyo mtanivumilia nikiandika kwa amri.

Mnawasifia VJ lakini mimi nina lalamiko, na nimelibeba muda mrefu. Kazi yake ya kwanza ni kunieleza. Kiganda chenyewe nasikia nusu, mimi Mlugbara, kwahiyo nakaa nasubiri angalau nishike mkondo wa stori, jambazi mkubwa anafungua kinywa anatoa siri ambayo muvi nzima imejengwa juu yake, nani alimsaliti nani, na VJ dakika hio hio anaongea habari ya bei ya matooke na wanawake wa Makindye! Watu wanacheka, mimi nabaki nauliza jirani amesema nini yule mzee mwenye ndevu, na jirani naye hajui. Muvi inaisha mmecheka lakini hakuna anayeweza kuisimulia. Hio mnaita kazi?

Tena mnasema muvi mbovu. Mbovu kwa nani? Zile muvi za kivita tulizokuwa tunatazama kambini zilikuwa na makosa chungu nzima, mtu anapiga risasi mia bila kubadilisha magazini, tulikuwa tunayaona sisi wenyewe tunacheka wenyewe, hatukuhitaji mtu wa kutuonyesha pa kucheka. Kucheka kwa kuonyeshwa hakuna ladha.

Na jambo la pili, kwanini tusipate VJ wa Kiswahili hapa Uganda kwa wingi? Tanzania walikuwa na Lufufu, Kenya wana DJ Afro, anaongea Kiswahili mtu wa Mombasa na wa Kakuma wanacheka pamoja. Sisi baraza la mawaziri lilipitisha mwaka 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe mashuleni kwa lazima, na huku kwenye skrini hakuna kitu.

BodaWaKatwe

Afande nakuheshimu sana lakini DJ Afro ndio mwenye kuongeza maneno kuliko wote, yule Mhindi kwenye skrini hata hajafungua mdomo keshasemeshwa. Huyo umpendaye anafanya yale yale unayolaumu hapo juu.

Afande_Mstaafu_Arua

Anaongeza lakini stori haipotezi. Ukitoka pale unajua nani aliua baba ya nani. Hio ndio tofauti na naisimamia.

Msomi_Kikoni

Mtoa mada asante kwa uzi wa maana. Mimi nipo upande wa wale wa Marekani na nitawatetea leo, kwasababu naona hapa wanachukuliwa kama watu wenye dharau tu na sio kweli.

Mfano halisi ni Manos: The Hands of Fate. Mwaka 1966 kule El Paso, Texas, jamaa anaitwa Harold P. Warren, kazi yake kuuza mbolea, aliweka dau kwamba anaweza kutengeneza muvi ya kutisha, na akaitengeneza kweli, kamera waliyotumia haikuweza kurekodi hata dakika moja mfululizo, haikurekodi sauti, waigizaji wote wakaja kuwekewa sauti baadae na watu wachache sana. Ikaonyeshwa kidogo ikafa. Imekufa kabisa, hakuna anayeijua. Mwaka 1993 Mystery Science Theater wakaitoa kaburini wakaitania, na toka siku hio imekuwa na mashabiki, mtu mmoja akapata filamu yenyewe ya asili akaisafisha upya picha kwa picha, na yule mtoto wa kike aliyeigiza humo, baba yake naye ndiye aliyeigiza yule Bwana Mkubwa mwenye joho lenye mikono, amekuja kuwa mtu mzima na anaongea na mashabiki kuhusu muvi hio kwa furaha. Sasa niambieni, aliizika nani? Walioisahau miaka zaidi ya ishirini au waliokaa wakaicheka?

Ndio maana nasema kejeli ni aina ya kumbukumbu. Muvi mbovu ambayo hakuna anayeicheka hakuna anayeitazama pia.

Dada_Mbale

Msomi unaongea vizuri lakini unaongelea watu waliokubali kuchekwa baada ya miaka mingi. Mimi nitaongelea wasioulizwa.

Ndugu yangu aliigiza kwenye muvi moja ya bajeti ndogo Kampala, sitaji jina. Hawakulipwa, walikuwa wanachangishana chakula, kikomando (chapati na maharage) cha asubuhi ndio mpaka jioni, wanarudia tukio moja mpaka jua linazama kwasababu kamera ni ya kuazima na betri imechoka. Ile muvi ilipotoka mchekeshaji mmoja akachukua vipande akaweka sauti yake juu, akaanza kumsema ndugu yangu, sura yake, viatu vyake, jinsi anavyoongea Kiingereza. Viatu wadau. Vilikuwa viatu vyake vya kweli, hakuwa na vingine, hakuna aliyemnunulia vya kuigizia. Watu mtaani wakawa wanamuita kwa lile jina alilopewa na yule mchekeshaji. Kaacha kuigiza.

Kwahiyo mkiniambia "ni utani tu" mimi nauliza, utani juu ya nini? Ukiicheka helikopta ya kompyuta, sawa, hata aliyeitengeneza anajua haikai sawa. Ukicheka stori haina mwisho, sawa. Ukianza kucheka umaskini wa mtu hapo hakuna tena muvi inayojadiliwa.

Nyabo_wa_Owino

Pole sana dada yangu wa Mbale. Nimesoma mpaka nikaacha cherehani.

Mtu_wa_Busia

Dada Mbale pole, na mfikishie ndugu yako salamu zetu. Ulichosema ndio nilichokuwa natafuta namna ya kukisema. Emmie akimtania mtu kwenye Captain Alex anamtania yule mhusika, komando aliyekimbia, jambazi mwenye hasira, sio kijana wa Wakaliga aliyevaa nguo zake. Na wale vijana baada ya kuigiza ndio haohao walikuwa wanazunguka nyumba kwa nyumba kuuza DVD kabla wezi wa nakala hawajaifikia sokoni, sasa VJ angewadhalilisha nani angenunua? Emmie yupo ndani ya ile kazi, anakula nao.

Mwenye_Kibanda

Niruhusuni niongee kama mtu wa biashara maana wengi mnaongea mkiwa mmekaa kwenye benchi, mimi nasimama mlangoni.

Ukweli wa kwanza, muvi kali haihitaji VJ mchekeshaji na VJ wazuri wanalijua hilo. Muvi nzuri ya kweli VJ anatafsiri anakaa pembeni. Muvi mbovu ndio inamuita. Mimi nikipata muvi ambayo nimeitazama peke yangu nikaona hii italala chali, naitafutia VJ mwenye mdomo, na watu wanajaa. Anayelipa mia tano yake hakuja kutoa maksi, amekuja kutoka kwenye joto la siku.

Ukweli wa pili ni huu ambao watu hawauoni. Kabla sijawa na hii flashi ya kujaziwa muvi zenye sauti ya VJ tayari, nilikuwa na VJ anakuja kufanya mubashara, anakaa kwenye kona na miksa ndogo mapajani, maiki mkono wa kulia, kidole gumba cha kushoto kwenye kitufe cha sauti ya muvi. Muda wote kile kidole kinapanda na kushuka. Mtu kwenye skrini akianza kuongea anashusha, anatafsiri, akinyamaza mtu anapandisha ili mlio wa mlango usikike, risasi zisikike, mtoto akilia alie. Wengine wanazima sauti ya muvi moja kwa moja wanaongea kuanzia mwanzo, hao watu wanawachoka nusu saa tu, wanaanza kuangalia simu. Yule wangu alikuwa anakuja mchana kuitazama muvi bila maiki, hacheki, anatazama tu wapi midomo inafungwa. Jioni utani wake wote unaingia kwenye zile nafasi.

Kwahiyo Afande lalamiko lako ni la haki kabisa, ila ni lalamiko juu ya VJ mvivu. VJ ambaye hajaitazama muvi hajui siri inatolewa wapi, ndio maana anaongelea matooke wakati huo.

Afande_Mstaafu_Arua

Hapo umenijibu kiume. Mtu ambaye hajafanya upelelezi asipewe maiki.

Malaba_Transit

Wakuu mimi ni dereva wa malori, nakaa foleni Malaba saa nyingi kwahiyo muvi nimezimaliza. Niwape upande mwingine, kuna muvi mbovu za aina mbili na hamjazitenganisha.

Ipo iliyotengenezwa na mtu anayeamini anatengeneza kitu kikubwa. The Room ya mwaka 2003, Tommy Wiseau kaandika yeye, kaongoza yeye, kaigiza yeye, inasemekana ilikula dola milioni 6 na haionekani zimeenda wapi, lakini jamaa alikuwa serious kabisa, ndio maana watu huko wanaenda sinema usiku wanarusha vijiko kwenye skrini na wanaujua kila mstari. Birdemic nayo, ndege wanaonekana wamekatwa wakabandikwa angani wanapigapiga mabawa pale pale, ila ukiisikiliza unajua mwenye muvi alikuwa anataka kweli tuogope na tutunze mazingira. Hizi zikitaniwa nacheka kwa roho safi.

Alafu ipo iliyotengenezwa mbovu kusudi. Sharknado ya 2013, papa wanabebwa na kimbunga wanaangukia mjini. Mwenyewe keshajicheka, sasa wewe mchekeshaji unaongeza nini? RiffTrax walijaribu kuifanya, sauti tatu zinachekesha juu ya kitu kinachojichekesha, nilichoka. Utani unahitaji mtu ambaye hatanii.

Captain Alex iko wapi hapo? Mimi naona katikati na ndio utamu wake, Nabwana anajua hana hela na anacheza na hilo, lakini ngumi wanazipiga kwa moyo wote, vijana wamefanya mazoezi kweli.

BodaWaKatwe

Malaba umemaliza ssebo. Mimi sikuwahi kufikiria hivyo

Nyabo_wa_Owino

Haya na mimi niseme. Mimi nashona soko la Owino, mbele yangu kuna kijana anauza na kujaza muvi, spika yake inaangalia kwangu mchana kutwa. Mimi sitazami, macho yapo kwenye sindano, mimi NASIKILIZA. Kwahiyo nawaambieni kama mtu anayejua VJ kwa sikio tu.

VJ asipochekesha mimi sina muvi. Akitafsiri kikavu, "anasema twende, anasema hapana", mimi sijui nani, wapi, kuna nini. Akianza vituko vyake ananieleza huyu kavaa nini, anatembeaje, huyu ana macho ya mtu mwenye deni, na naiona muvi yote bila kuinua kichwa. Ile muvi mbovu mnayosema helikopta imebandikwa, kwangu helikopta ni nzima kabisa, inapaa, inapiga Kampala na mimi nimeinama!

Tena nyie wanaume mmeongelea kuponda tu. Mle ndani VJ anatoa pole, mama akifiwa anamlilia, msichana akidanganywa na mwanaume anamwambia achana naye mwanangu. Hayo nayo ni maoni juu ya muvi, na hakuna anayeyahesabu.

Lakini matusi apunguze. Hapo nipo na watoto wa wenzangu wanatoka shule wanapita pale, mengine hayafai kusikika sokoni saa tisa mchana.

Mtu_wa_Busia

Nyabo hii nimeisoma mara mbili. Unajua Nabwana mwenyewe alikua hivyo? Utotoni hakuwa anaenda kutazama muvi, kaka zake ndio walikuwa wanaenda, wanarudi nyumbani wanamsimulia, Bruce Lee kapiga hivi, Chuck Norris kafanya vile. Muvi za kwanza kwake zilikuwa masimulizi ya mdomo. Ndio maana mimi siamini VJ alikuja kuongezwa juu ya muvi zake ili kufunika ubovu, mtu aliyepokea sinema kwa sauti ya kaka yake anatengeneza sinema ambayo ina nafasi ya kaka ndani yake.

Msomi_Kikoni

Mtoa mada hapo nakubali, ila usiwanyang'anye Wamarekani mapenzi. Mwaka 2015 walipotaka kurudisha Mystery Science Theater waliomba mashabiki wachange mtandaoni, ikapatikana zaidi ya dola milioni 5.7. Watu hawatoi hela hio kwa ajili ya dharau. Mwaka huo huo, wengine hawalijui hili, Wakaliwood, yaani studio ya Nabwana, nao waliomba mchango kwa njia hiyo hiyo ya Kickstarter, wakaomba dola 160 tu za kutengeneza muvi, wakapewa zaidi ya 13,000. Mashabiki ni walewale, wanaopenda kucheka na wanaopenda muvi, ni watu wamoja.

Ila nitakubali kosa moja la upande wangu ambalo hata mashabiki wao wanalilalamikia. Walipotoa Mystery Science Theater kwenye majumba ya sinema mwaka 1996 walichagua kuitania This Island Earth ya mwaka 1955, muvi ambayo kwa wakati wake sio mbovu, na wakaikata, ikawa hata ukijumlisha vichekesho vyao vyote muvi yao ni fupi kuliko ile wanayoicheka. Sasa ukishaikata muvi ya mtu ndio uiseme haieleweki, hapo umemuonea.

Dada_Mbale

Asante Msomi. Hapo ndio penyewe. Yule aliyemfanyia ndugu yangu alikata. Alitoa sehemu ambazo ndugu yangu aliigiza vizuri, zipo, alilia kwenye ile muvi mpaka mama akalia, akaacha zile za kuanguka tu.

Malaba_Transit

Swali kwa wote, hao wazungu wanaoisambaza Captain Alex mnadhani wanacheka na sisi au wanatucheka? Maana mimi nimesoma comenti zao nyingine nikakasirika, mtu anaandika hii ndio Afrika.

Mwenye_Kibanda

Wapo wote. Lakini huwezi kufunga duka kwasababu ya mteja mmoja mjinga. Yule Mmarekani Alan Hofmanis alitoka New York akaja kukaa Wakaliga kabisa, akaigiza, kwenye Bad Black, muvi nyingine ya Nabwana, yeye ndio daktari mzungu anayeibiwa na kuaibishwa, kisha mtoto mdogo ndio anamfundisha ukomando, na Emmie anamtania mwanzo mwisho. Ile muvi ilipata tuzo ya watazamaji kwenye tamasha la filamu la Fantastic Fest, Texas, mwaka 2016. Ukumbi wa wazungu unacheka mzungu anapigwa vijembe na VJ wa Kampala. Na 2019 Crazy World, nayo ya Nabwana, ikaonyeshwa Toronto, usiku wa manane, kwenye tamasha kubwa. Mimi nikiona hivyo sioni aibu.

Mtu_wa_Busia

Malaba nikujibu na mimi. Mzungu ambaye angeikuta Captain Alex bila Emmie angecheka akafunga, akaenda zake. Sauti ya Emmie ndio inamzuia kutucheka, kwasababu kila anapotaka kucheka anakuta Mganda keshacheka kabla yake, na kacheka kwa furaha, na anamwambia kaa, mambo mazuri yanakuja. Hapo mwenye nyumba ndiye anayeongoza kicheko, mgeni anafuata. Hii kwangu ni kazi kubwa kuliko kutafsiri.

Lakini Dada Mbale amenifanya niongeze sharti kwenye msimamo wangu wa juu. Muvi iachwe nzima. Uitanie yote, ianze pale ilipoanza na iishe pale ilipoishia, mtu alie pale anapolia na VJ anyamaze pale, kile kidole gumba cha Mwenye Kibanda kipande. Anayekata vipande akaweka sauti yake mimi simuiti VJ, na nitaacha kuzisambaza hizo klipu hata zikinichekesha.

BodaWaKatwe

Mimi klipu nitaendelea bwana, abiria anasubiri, sina masaa mawili. Ila za kuwasema watu viatu, hapana, hizo nazifuta leo.

Afande_Mstaafu_Arua

Mwenye Kibanda, huyo VJ wako wa mchana anajua Kiswahili? Huku Arua kuna ukumbi, umeme upo jioni, na watu wa Congo na Sudan Kusini wapo wengi mjini, kuna wanaosikia Kiswahili. Mwambie aje atazame muvi kwanza, chakula nitampa mimi.

Mwenye_Kibanda

Afande anajua, mama yake wa Tororo. Nitampa namba yako kwa inbox, usiiweke hapa.

Nyabo_wa_Owino

Akija Arua mwambieni aache matusi. Na anieleze nguo walizovaa.